Pacha Wangu Amekuja na Uso Wangu wa Zamani

Jumatatu, 2 Juni

Pacha wangu amefika leo saa nne asubuhi na sanduku moja, kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, na uso niliokuwa nao mimi miaka kumi na tano iliyopita. Ndiyo maana nimeanza daftari hili. Kuna mambo siwezi kumwambia mume wangu kwa sababu atacheka, wala binti yangu Chiriku, kwa sababu atayasambaza kabla hajamaliza kuyasikia. Jina hilo hakupewa bure.

Tulizaliwa siku moja, mimi nikimtangulia kwa dakika ishirini. Tulipokuwa wachanga mama alitufunga nyuzi za rangi mbili mikononi, asije akamnyonyesha mmoja mara mbili na mwingine akalala na njaa. Sasa nyuzi hazihitajiki. Tuna miaka arobaini na minane wote wawili, lakini kipofu tu ndiye angetuchanganya. Mara ya mwisho tulionana kwenye mazishi ya mama, miaka minne iliyopita, na msibani nani anaangalia ngozi ya mtu? Leo nimeiangalia. Paji la uso halina mkunjo. Shingo imetulia kama shuka lililopigwa pasi. Yangu ni gome la mti.

Yeye ni mkutubi katika mji mwingine, na amepewa likizo aliyoilimbikiza kwa miaka. Atakaa kwetu hadi mwisho wa Agosti. Mimi nina bustani ya miche kando ya barabara kuu, mwaka wa ishirini na moja huu.

Mume wangu alitoka kwenye majokofu yake anayoyatengeneza uani, akafuta mikono, akasema, "Karibu, shemeji! Dada yako amekula chumvi nyingi. Wewe mwenzetu umekula nini?"

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, na nikasikia mikunjo yangu ikicheka pamoja nami.

Jumatano, 4 Juni

Amekuja kunisaidia bustanini kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuotesha miche. Akaingia mteja, kijana wa miaka thelathini hivi, anataka miche ya michungwa. Akanitazama mimi: "Shikamoo mama." Akamgeukia yeye: "Mambo vipi, dada?"

Nimemuuzia michungwa miwili iliyodumaa.

Ijumaa, 6 Juni

Jua kali. Shikamoo kwangu, saba. Kwake, hata moja.

Jumanne, 10 Juni

Nimemchunguza. Asubuhi nilisimama ukumbini nikijifanya nakunja nguo, mlango wa bafu ukiwa wazi. Alinawa mikono kwanza. Akanawa uso kwa maji ya kawaida na sabuni nyeupe kidogo tu, kwa ncha za vidole, polepole kama anayeosha yai. Akajikausha kwa kugusagusa na taulo, hakusugua. Kabla ngozi haijakauka vizuri akapaka losheni. Akasubiri. Akapaka krimu nyingine kutoka kwenye tyubu, usoni, masikioni, shingoni, hadi juu ya viganja. Akavaa kofia. Basi.

Mimi nanawa kwa kipande cha sabuni ya kufulia na dodoki. Udongo wa bustanini hautoki kwa kubembelezwa.

"Hiyo ya pili ni nini?" nikamuuliza.

"Ya kukinga jua, pacha. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na sita."

"Na nyingine?"

"Nyingine ipi? Ni hayo tu. Jioni nanawa tena, napaka losheni, nalala."

Ni hayo tu! Mtu hatoboi siri yake kwa mara ya kwanza kuulizwa. Ningekuwa mimi, nisingeitoboa hata kidogo.

Jumamosi, 14 Juni

Alipokwenda dukani na Chiriku nimepekua sanduku lake. Mungu anisamehe. Nimekuta sabuni nyeupe, losheni isiyo na harufu ya aina inayouzwa hata duka la kona yetu, tyubu mbili za krimu ya jua, vitabu vinne na nguo zilizokunjwa vizuri. Nimepapasa hadi kwenye bitana. Hakuna kitu.

Kwa hiyo ameificha kwingine.

Jumatano, 18 Juni

Nimejipaka limau na chumvi, kama alivyonishauri msusi aliye jirani na bustani yangu. Kumewasha vibaya. Mume wangu alinisogelea, akanusa, akaniambia nanukia kama samaki anayesubiri kukaangwa. Pacha hakucheka. Alisema tu, "Limau usipake halafu ukaenda juani, litakuunguza." Nilimjibu kwamba limau ni tunda la Mungu.

Jumapili, 22 Juni

Limau limeniunguza. Doa jeusi shavu la kushoto.

Jumanne, 1 Julai

Leo furaha tupu, lazima niiandike. Chiriku amefaulu mitihani ya mwisho ya uuguzi. Mahafali ni Jumamosi tarehe 16 Agosti. Kila mhitimu amepewa kadi mbili za wageni, yaani baba na mama. Alizipunga hewani akizunguka uani, akiongea maneno elfu kwa dakika, halafu akamrukia mama yake mdogo shingoni. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya samadi. Nilijiambia ni kwa sababu ya ndoo.

Jumatatu, 7 Julai

Vumbi. Hakuna wateja. Pacha amesoma kitabu kizima chini ya wavu wa kivuli, na hata kusoma kwake kunapendeza.

Jumamosi, 12 Julai

Chiriku alitaka viatu vya mahafali. Mimi nilikuwa nahamishia miche ya mipapai kwenye viriba, kazi isiyoweza kungoja. Pacha akasema atamsindikiza. Wamerudi na viatu vyeusi vya kamba vyenye kisigino kifupi. Vizuri, ila cha kulia kinambana kidole. Nimesema nitapita mwenyewe kuvibadilisha.

Jumanne, 15 Julai

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Nimepeleka viatu. Muuza viatu ni mwanamume mnene mchangamfu. Alivitambua mara moja.

"Hivi alivichagua mama yake mwenyewe," akasema. "Alipiga magoti hapo sakafuni, akamfunga kamba kwa mikono yake. Nikamwambia, mama, huyu binti mmefanana kama shilingi kwa ya pili. Akacheka, akasema ahsante." Kisha akaniangalia vizuri, akainamisha kichwa kwa adabu. "Na wewe ndiye bibi yake, siyo? Shikamoo, bibi."

Marahaba. Nilimjibu marahaba! Nikachukua viatu vikubwa kidogo, nikatoka.

Nyumbani nilimkuta anakata kucha barazani, Chiriku hayupo.

"Ulimwambia nini muuza viatu?"

Akaacha kukata. "Sikumwambia kitu."

"Ndicho ninachokuuliza. Alikuita mama wa mwanangu, wewe ukamwambia nini?"

"Nilisema ahsante."

"Ahsante ya nini? Ulimzaa wewe? Wewe ndiye uliyelazwa wiki mbili miguu imevimba? Uso umechukua, sasa unataka na mtoto?"

"Uso sikuuchukua, pacha. Nilikuwa nao."

"Na mimi nilikuwa nao!" Nilipiga kelele hadi mume wangu akatokeza kichwa nyuma ya jokofu, akaona hali, akakirudisha.

Pacha aliokota kucha zake moja moja kutoka sakafuni. Akasema, "Nimekosa," akaingia ndani. Nilitaka abishe. Nilikuwa na maneno mengine mengi yamebaki.

Alhamisi, 17 Julai

Tunasalimiana kama wapangaji.

Alhamisi, 24 Julai

Msusi ameniuzia kikopo. Hakina karatasi wala jina, lakini anasema wanawake wanakirudia wenyewe: siku kumi, ngozi ya zamani inabambuka, mpya inakuja. Mahafali yamebaki majuma matatu na kitu. Siku hiyo nitasimama na pacha wangu mbele ya watu, na yeyote atakayekosea kati yetu, akosee vizuri.

Jumapili, 27 Julai

Kinawasha. Msusi anasema kuwasha ndiko kufanya kazi. Usoni nang'aa. Mteja mmoja leo ameniita "dada". Nimempa mche wa nyongeza.

Jumanne, 29 Julai

Nimeanza kupaka mara mbili kwa siku.

Alhamisi, 31 Julai

Nilikuwa kwenye jua tangu saa mbili, nikimwagilia. Kufikia saa sita uso ulikuwa unawaka kama nimeinamia jiko. Nilinawa kwa maji ya bomba, kukazidi. Nilipogusa shavu, kipande cha ngozi kilibaki kidoleni, chembamba kama ganda la kitunguu. Macho yakaanza kufumba. Nilikaa chini kati ya miche na sikujua nimwite nani, maana mtu pekee ambaye angejua la kufanya nilikuwa sisemi naye.

Amenikuta yeye. Alikuwa ameniletea chakula cha mchana, kama alivyofanya kila siku hata katika hizi siku za kununiana. Hakuuliza. Alinivika kofia yake, akanishika mkono kama kipofu, akanipeleka zahanati.

Jumamosi, 2 Agosti

Leo naona vizuri kidogo, ninaweza kuandika. Zahanati walinipa rufaa kwa daktari wa ngozi, na jana tumekwenda. Ni binti mdogo, angeweza kuwa rafiki wa Chiriku. Pacha aliketi pembeni yangu na kikopo mapajani. Daktari alikinusa, akakifunga, akakitupa kwenye pipa bila kuniuliza.

"Mama, ulikuwa unatibu ugonjwa gani?"

"Uzee," nikasema.

Hakucheka. Aliniandikia dawa ya majeraha, kisha akavuta kiti karibu. "Sasa nisikilize. Usipake chochote ambacho sijakuandikia. Limau acha jikoni. Dodoki liache. Nawa uso kwa maji yasiyo ya moto na sabuni laini isiyo na marashi, kausha bila kusugua, paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukishapona, krimu ya kukinga jua kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu, na uipake tena mchana kwa sababu wewe kazi yako ni ya nje. Kofia pana. Na ulale vya kutosha."

"Na nyingine?" nikauliza.

"Nyingine ipi?"

"Hii mikunjo iliyopo?"

"Kidogo itapungua. Mingi utakaa nayo. Tunachofanya ni kutoiongeza haraka."

Nilimtupia pacha jicho moja lililofunguka. Alikuwa anaangalia sakafu. Hakusema, "Nilikuambia." Wala njiani hakusema, wala nyumbani. Angesema ningepata pa kumchukia.

Jumanne, 5 Agosti

Anamwagilia miche yote asubuhi na jioni. Mimi ndani, mapazia yamefungwa. Nimemsikia mteja akimwita "mwenye bustani". Leo hata kukasirika sina nguvu.

Ijumaa, 8 Agosti

Chiriku amenibadilisha bandeji. Mikono yake ni mizuri, mepesi. Aliongea tangu mwanzo hadi mwisho kuhusu mwalimu wao mkuu, mdomo hauchoki. Sikuona aibu kuangaliwa na yeye. Ni watu wengine wote wanaonitisha.

Jumatano, 13 Agosti

Nimejitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza bila bandeji. Mashavu ni ya waridi na kahawia, vipande vipande, kama ramani. Zimebaki siku tatu.

Nilimwita pacha chumbani, nikafunga mlango.

"Nenda wewe," nikamwambia. "Vaa gauni langu. Chukua kadi yangu. Una uso wangu, na wako ni mzima. Hakuna atakayejua, na picha za mtoto zitakuwa nzuri."

Alikuwa ameshika kitambaa cha maji baridi. Alikiweka mezani taratibu sana.

"Usiniambie neno hilo mara ya pili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nitakubali." Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanipa mgongo. "Unadhani nilikosea kwa muuza viatu? Sikukosea. Nilimsikia vizuri. Nikasema, hebu nione inakuwaje. Ilikuwa kama dakika kumi. Nilifunga zile kamba polepole kusudi zisiishe. Kila mwaka ukinitumia picha yake nilikuwa naikata upande wako, naiweka mezani kazini. Wageni wakiuliza, nasema ni wangu. Miaka yote hiyo, pacha. Huo ndio wizi, si huu wa juzi."

 Naandika ukweli kwa sababu daftari halina wa kulisoma: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Nilifurahi kwamba kuna kitu amekikosa. Aliomba watoto miaka kumi na mmoja, ndoa ikavunjika kwa sababu hiyo, nami nilimwandikia barua za pole zilizotoka moyoni, lakini leo nilifurahi kama mtu aliyeshinda mchezo. Furaha hiyo ilidumu kiasi cha kuvuta pumzi mbili. Kisha nilimwona mgongo unavyotikisika, na ni mgongo wangu ule, mabega yangu yale, na nikajionea kinyaa.

Nikamwambia, "Nitakwenda mwenyewe."

"Ndiyo," akasema. "Nenda mwenyewe. Nitakusaidia kuchagua kilemba."

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda. Krimu ya jua tabaka zito, kilemba cha bluu, kofia juu yake. Nilionekana kama mwizi wa asali. Langoni mume wangu alisimama, akatoa kadi yake mfukoni, akampa pacha.

"Shemeji, ingia. Mimi hotuba hunipa usingizi. Nitasikilizia spika hapa nje, na kuna mtu anauza soda."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka ishirini na mitano nikidhani haoni kitu.

Chiriku alipoitwa jina lake nilisahau kwamba nina uso. Kisha mshereheshaji akasema wazazi wa wahitimu wasimame wapigiwe makofi. Nikasimama. Pacha alibaki ameketi, viganja vimebanwa kati ya magoti, akinipigia makofi kwa macho. Ningeweza kumshika kiwiko na kumwinua. Kiti chake kilikuwa kimegusana na changu. Sikumwinua. Nimeandika hivyo ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatano, 20 Agosti

Barua ya kazi imefika. Chiriku amepangiwa hospitali ya mji anaoishi pacha. Amerukaruka, kisha akasema kile nilichokuwa nakiogopa tangu nilipoona jina la mji: "Basi nitakaa kwa mama mdogo!"

Nikasema atafute chumba cha kupanga.

"Chumba cha kupanga," mume wangu akarudia, "na mama yake mdogo ana nyumba ya vyumba vitatu na anaishi peke yake kama saa ya ukutani?"

Pacha alichukua ndoo. Alitoka akaenda kumwagilia.

Ijumaa, 22 Agosti

Sijajibu.

Jumapili, 24 Agosti

Leo nimemfuata bustanini. Tulipanga viriba safu tatu, kofia mbili zikikaribia kugongana. Ndipo nikasema, "Atakaa kwako."

"Una hakika?"

"Sina. Mchukue kabla sijafikiri vizuri."

Ijumaa, 29 Agosti

Wameondoka asubuhi. Nimerudi nikanawa uso upya, maana krimu yote ilikuwa imesombwa na machozi, nikapaka nyingine, nikaenda kazini.

Jumatano, 10 Septemba

Mawingu. Nimepaka hata hivyo. Doa la shavu limefifia. Mikunjo ipo pale pale, imetulia, hainiulizi kitu. Mteja amenipa shikamoo, nimeitikia vizuri. Nimemfuta msusi kwenye simu, lakini bado tunasalimiana.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua ya kwanza. Nilikuwa nahamisha miche michanga isipigwe na matone pacha aliponipigia simu. Kwa kawaida akinipigia, Chiriku husikika pale nyuma akicheka, nami hukaa siku nzima nikitafuna kicheko hicho kama pilipili. Leo alikuwa peke yake, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Pacha, nikuulize. Huyu mtoto tangu juzi haongei. Anakwenda kazini, anarudi, anakula, anaosha chombo chake, kimya. Nimemuuliza amekasirika na mimi, ananitikisia kichwa. Sijui nimsogelee au nimwache. Nimekaa sebuleni naangalia mlango wake kama mgeni. Akinyamaza hivi, ni hasira au ni nini?"

Mvua ilikuwa inapiga juu ya bati la kibanda. Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Mtu mwingine duniani anayelijua hayupo, hata baba yake halijui. Nilikaa nalo mdomoni. Yeye ana ngozi, ana nyumba yenye vyumba, ana mtoto anayelala mlango wa pili, na hiki kimoja nilikuwa nacho mimi peke yangu. Ningesema tu, "Mwache, itapita," na ningekuwa sijadanganya.

"Pacha? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Si hasira. Akikasirika huongea zaidi. Akinyamaza ni kwamba ameogopa kitu na anaona aibu kukisema. Labda amefiwa na mgonjwa wake wa kwanza. Usimuulize. Nenda chumbani kwake na kazi yoyote ya mikono, hata nguo za kukunja, kaa kitandani kwake, wala usimtazame. Kunja tu. Baada ya nguo ya nne au ya tano ataanza mwenyewe."

"Nguo ya nne au ya tano," akarudia, kama anayeandika.

"Na akianza kulia usimfute machozi, hapendi. Mshike mguu."

"Mguu?"

"Kifundo cha mguu. Tangu mdogo."

Nikasikia anaburuta kikapu cha nguo sakafuni.

"Usikate simu," akasema. "Naingia."

Akaweka simu mahali fulani. Nilimsikia akigonga, nikasikia mlango, kisha hakuna kitu isipokuwa kitambaa kikikung'utwa na kukunjwa. Nilisimama kibandani, maji yakinipita miguuni, nikihesabu nguo pamoja naye. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Katika ya sita, binti yangu akaanza kuongea.